Mkono wa Kushoto wa Gauni

4 Februari

Kibanio mwanangu,

Hujambo huko kwenye vitabu vyako? Sisi huku wazima, tena wazima wa kupitiliza. Bibi yako amepata miwani mipya na sasa anaona kila kitu, jambo ambalo hakuna aliyeliomba. Jana alinitazama juu mpaka chini akasema, "Kumbe umenenepa!" Miaka yote hiyo alikuwa akidhani mimi ni mwembamba. Baba yako alipita Jumapili na lori lake, akala, akalala saa mbili kwenye mkeka, akaondoka. Ameacha salamu zako na shati lenye grisi.

Utajiuliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Simu nimeifua. Usicheke. Ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, aproni ikaingia kwenye beseni la maji ya moto, nami nikasugua kwa nguvu zangu zote. Imetoka safi sana. Haiwaki. Basi nimeamua kwanza nipumzike na hiyo mitambo. Kwenye barua angalau mtu hanikatizi.

Sasa sikia lililonikalisha chini. Mteja mmoja, mwanamke wa makamo, ameniletea gauni la satini rangi ya maziwa. Limeshonwa na huyu fundi cherehani aliyehamia chumba cha pili kutoka kwangu, yule anayepiga mluzi kutwa nzima kama birika. Cherehani yake imelitemea gauni tone la mafuta pale kiunoni, upana wa kifungo cha koti. Nimejaribu maji: doa likanitazama tu. Nimejaribu sabuni kidogo kwa ncha ya kidole: likatanuka. Kusugua siwezi, kitambaa chenyewe laini, kitachubuka.

Mimi ni dobi wa maji na sabuni, mwaka wa ishirini na tatu huu. Maji nayajua. Kwa nini yanakataa kuingia hapo? Ninyi mnasomeshwa kemia ya nini kama hamwezi kuniambia hilo?

Masomo yanakwendaje? Hukusema kwenye salamu zako za mwisho.

Shangazi yako


15 Februari

Shangazi, shikamoo. Shikamoo ya pili mpe Bibi, na umwambie avue miwani akikutazama.

Mimi mzima. Bweni letu limepakwa rangi ya kijani, tumefanana na wagonjwa. Ninayelala naye chumba kimoja ana kikohozi cha kuigiza, hukohoa tu siku za mazoezi ya viungo. Masomo yanaendelea.

Nimecheka habari ya simu mpaka nikatolewa maktaba. Ila swali lako, Shangazi, ndilo somo lenyewe tunalosoma muhula huu: nguvu zinazoshikanisha molekuli. Ngoja nikueleze kama ulivyokuwa ukinieleza mimi habari za nguo, nikiwa mdogo nakupa vibanio kimoja kimoja.

Molekuli ya maji ina oksijeni moja na haidrojeni mbili. Oksijeni ni mchoyo. Elektroni ambazo wangezitumia kwa pamoja, yeye anazivutia kwake. Kwa hiyo upande wake unakuwa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo. Tena molekuli yenyewe imepinda, kwa hiyo hizo pande mbili hazifutani. Ndiyo maana tunasema maji yana ncha. Sasa hasi ya huyu inavuta chanya ya yule, yule anamvuta mwingine, na beseni zima limeshikana mikono.

Mafuta ya cherehani ni minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, na hao wawili wanagawana elektroni karibu sawasawa. Hayana ncha. Yanashikana pia, lakini kwa mvuto wa kupita tu: elektroni zikisogea upande mmoja kwa kitambo, jirani anavutika, mara imekwisha, mara imeanza tena. Ukimwaga maji juu yake, si kwamba maji yanayachukia. Ni kwamba maji yanapendana mno yenyewe kwa yenyewe, hayaoni sababu ya kuachiana ili kuyapisha mafuta.

Sabuni ingesaidia, maana ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, lakini inataka kusuguliwa. Wewe tafuta kitu kisicho na ncha kama doa lenyewe. Mafundi saa wanatumia benzini nyeupe. Weka kitambaa cheupe chini ya doa, lowesha pamba, gusa gusa kutoka upande wa ndani wa gauni, usisugue, badilisha kitambaa cha chini kila kikichafuka. Madirisha wazi, na pasi ya mkaa iwe mbali kabisa. Nakuomba, Shangazi, mbali KABISA. Na jaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Huyo mteja ni nani? Gauni la satini rangi ya maziwa ni la harusi hilo.

Mwanao,
Kibanio


5 Machi

Kibanio!

LIMETOKA! Limetoka, limetoka! Nimezunguka ua mzima na gauni mikononi, kuku wa jirani wamekimbia. Nilifanya kama ulivyosema: kitambaa chini, pamba, gusa gusa. Mara naona doa linashuka kwenye kitambaa cha chini kama mtu anayehama nyumba kimyakimya. Nikasubiri likauke. Nikatazama. Nikamwita Bibi yako na miwani yake atazame. Akasema, "Doa gani?" Kibanio, sijawahi kusikia maneno matamu hivyo.

Bibi hajambo, anakusalimu, anauliza kama unakula. Baba yako yuko njiani, hatujui njia ipi.

Nilimweleza fundi hadithi yako ya ncha. Aliacha mluzi, jambo la nadra, akasema, "Kwa hiyo cherehani yangu haina ncha?" Nikamwambia cherehani yako ina ncha, mafuta yake ndiyo hayana. Akacheka mpaka akajichoma sindano. Ni mtu wa ajabu yule. Anachosha. Jana alikuja mara tatu kuazima pasi, na anayo ya kwake.

Nijibu haya. Kwa nini spiriti ukiimwaga mkononi inakauka mara moja na mkono unapata baridi, wakati maji yanakaa kaa kwanza? Na kwa nini pamba inakunjamana hata ukiitazama vibaya, na polista haikunjamani hata ukiilalia? Nimepiga pasi nusu ya maisha yangu na sijawahi kujiuliza. Ni kosa lako.

Jambo jingine dogo. Yule mteja amedondosha tone la rangi ya kucha kwenye mkono wa kushoto wa gauni. Nyekundu. Usiniulize ilikuwaje. Nimeshapata akili sasa: doa la mafuta kwa kitu cha mafuta, basi rangi ya kucha kwa dawa ya kutolea rangi ya kucha. Nimeinunua tayari. Pembeni mwa kitambaa pameandikwa "asetati", sijui ni jina la kiwanda au la nini. Jumamosi naitoa.

Shangazi yako mwenye ushindi


9 Machi

SHANGAZI USIIGUSE!

Shikamoo. Samahani kwa kupiga kelele. Nimeandika hivyo hivyo juu ya bahasha, karani wa posta amenitazama kama kichaa.

Asetati si jina la kiwanda. Ni kitambaa chenyewe! Na dawa ya kutolea rangi ya kucha, nyingi ni asetoni. Asetoni ina ncha upande mmoja, penye oksijeni. Nyuzi za asetati nazo zimejaa sehemu za namna hiyo hiyo. Asetoni ikifika, inajipenyeza katikati ya nyuzi, inazishika yenyewe, nyuzi zinaachiana. Haitatoa doa, itatoa nguo! Pamba isingedhurika, maana nyuzi zake zimeshikana kwa mikono mingi mno ya haidrojeni, asetoni haiwezi kuzibandua. Lakini hiyo ni asetati. Acha doa kama lilivyo. Afadhali doa. Fundi aweke ua la kitambaa juu yake.

Barua yako imenifikia leo Jumatatu, na wewe ulisema Jumamosi. Naomba iwe ulipata wageni. Naomba iwe ulipata homa ndogo.

Kibanio


10 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Bibi mzima. Baba yako mzima.

Mkono umeyeyuka.

Nasema umeyeyuka, sisemi umeharibika. Nilichukua pamba, nikalowesha dawa, nikaweka juu ya doa. Nikasikia ubaridi mpaka kwenye ngozi, nikafurahi, nikajua kazi inafanyika. Nikavuta pamba. Pamba ikaja na kitambaa. Kilivutika kama ute, Kibanio, nyuzi nyuzi, na mimi kwa ujinga wangu nikasema labda nikizidisha dawa kitalegea kirudi mahali pake. Kikalegea kweli. Sasa pana tundu upana wa kisahani. Bibi yako alipita, akasimama, akaweka miwani yake sawa, akasema, "Mbona mkono una dirisha?"

Nilikaa juu ya ndoo ya sabuni nikacheka. Nilicheka mpaka fundi akaja mbio akidhani nalia. Naye alipoona tundu akakaa chini sakafuni, na suruali yake safi, tukacheka wote. Mteja naye alicheka. Hakuna aliyekasirika.

13 Machi. Naendelea hapa hapa maana sikuwa nimeituma. Barua yako imefika asubuhi hii. Tarishi aliisoma bahasha kwa sauti langoni: "Shangazi, usiiguse!" Mtaa mzima sasa wananiuliza nisiguse nini.

Shangazi yako


28 Machi

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Mimi mzima, mwenzangu wa kukohoa sasa amepata kikohozi cha kweli na hakuna anayemwamini.

Nimesoma barua yako mara nne. Mara ya kwanza nililia kwa kicheko. Mara ya pili nikasimama kwenye mstari mmoja. Mara ya nne nikapiga kelele, jirani wa chumba cha pili akaja na ufagio akidhani nimeona panya.

Umeandika: "Nikasikia ubaridi mpaka kwenye ngozi." Ulikuwa umeuliza habari ya spiriti, basi jibu lake hili hapa. Molekuli za spiriti hazijashikana kwa nguvu kama za maji, kwa hiyo zinaachana upesi na kupaa, na zikiondoka zinachukua joto la ngozi. Asetoni ndiyo zaidi. Ina ncha, ila haina haidrojeni ya kuwashikia wenzake mkono, kwa hiyo inaruka kama imeitwa. Ubaridi ule ni joto la mkono wako likiondoka.

La mkono WAKO, Shangazi. Gauni lililolazwa mezani lingekupa baridi ya vidole tu, si ya kupenya kitambaa mpaka kwenye ngozi. Ulikuwa umelivaa.

Wewe huvai nguo za wateja. Ulimfukuza mfanyakazi kwa kujaribu tu kofia. Na toka lini mteja wa makamo anakuja kupaka rangi ya kucha kwenye chumba cha dobi? Na fundi gani anakuja kuazima pasi naye anayo?

Shangazi, unaolewa?

Kama ni kweli, nimefurahi mpaka nimekosa pa kuweka miguu. Kama ni kweli, mbona hukuniambia?

Kuna jambo nataka kuuliza, na kwa sauti nisingeweza. Nikiwa na miaka tisa nilimsikia mama mmoja pale kwenye kamba za nguo akimwambia mwenzake, "Asingeachiwa huyu mtoto, angekuwa kwa mume zamani." Sikukuambia. Nilikupa vibanio siku ile bila kusema neno na wewe ukanipa uji ukidhani naumwa. Nimekaa na maneno hayo miaka kumi na mitatu. Ni kweli? Ilikuwa kwa sababu yangu?

Kibanio


17 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Wiki tatu kasoro siku moja. Umenyamaza. Hapa posta karani ameshanizoea, nikiingia tu anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Labda umekasirika. Basi nami nikuambie langu, ili uwe na sababu ya kweli. Uliniuliza masomo yanakwendaje nikakujibu "yanaendelea." Hayakuendelea. Mwaka jana nilianguka karatasi moja, hii hii ya nguvu za molekuli. Nairudia. Mara hii wanahoji kwa mdomo, Ijumaa tarehe ishirini na nne, mbele ya mwalimu tunayemwita Mizani kwa sababu hajawahi kumzidishia mtu hata nusu alama. Nikianguka tena, narudi nyumbani.

Sikukuambia kwa sababu ulinisomesha kwa mikono iliyochubuka sabuni. Nilikuwa nakueleza habari za maji na mafuta kama mtaalamu, kumbe kila barua nilikuwa najifundisha mwenyewe. Nilipokuandikia ile ya kwanza, ndiyo mara yangu ya kwanza kuelewa.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa matusi.

Kibanio


20 Aprili

Mpumbavu wangu mpendwa,

Hilo ndilo tusi lako. Sasa salamu: hatujambo wote, Bibi ameanza kusoma magazeti na kutugombeza kwa yaliyomo.

Sijakasirika. Niliona haya. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, ninayekuambia tangu umeota meno kwamba kwanza kitabu, wanaume watasubiri, leo nakuandikia nini? Kwamba moyo unaniruka kama wa msichana kwa sababu mtu anapiga mluzi ukutani? Kila siku nilichukua kalamu, kila siku nikaandika "hatujambo" nikakwama hapo. Ninazo "hatujambo" sita kwenye droo.

Ndiyo, naolewa. Jumamosi, tarehe mbili Mei. Ilikuwa hivi. Januari nilikuwa napiga pasi shuka, akaingia, kuazima pasi eti. Nikamwambia, "Wewe pasi unayo." Akasema, "Ninayo." Nikamwambia, "Sasa unataka nini?" Akatazama viatu vyake, akatazama dari, akasema, "Nataka kuacha kuazima." Kibanio, niliisahau pasi juu ya shuka. Shuka la hoteli! Lina alama ya pasi hadi leo, umbo lote, na nimelilipa na sijutii.

Mikono ameitengeneza upya, yote miwili, kwa lesi ya pamba. Nimeikagua mwenyewe. Nimemwambia pamba haiogopi dawa ya kucha, akauliza nimejuaje, nikamwambia nina mtaalamu wangu.

Habari ya kuanguka karatasi. Mimi nilianguka mkono mzima wa gauni na bado nimesimama. Nikuambie nilivyoona kwenye barua zako: ukianza kwa vitabu unanichosha. Ukianza kwa nguo, naona kwa macho. Nenda kamweleze huyo Mizani kama unavyonieleza mimi. Hujanijibu bado habari ya pamba na polista, nasubiri.

Na lile swali lako la mwisho, la mama wa kwenye kamba. Nimelisoma. Nitalijibu. Si leo. Kafanye mtihani kwanza.

Barua hii naipeleka mwenyewe stendi nimkabidhi kondakta wa basi mkononi, posta siiamini tena.

Shangazi yako, bibi harusi (nimeliandika!)


25 Aprili

Shangazi shangazi shangazi, shikamoo!

Kondakta aliniletea barua hadi langoni mwa chuo Alhamisi, akasema, "Mama mmoja amesema nisipoifikisha atanifua." Nikaingia nayo kwenye chumba cha mtihani, nimeikunja ndani ya kiatu.

Chumba chenyewe kidogo, meza moja, dirisha halifunguki. Mizani katikati, na mwalimu mwingine mzee ambaye nadhani alikuwa amelala. Mizani akanitajia vitu vitatu: butani, ile ya viberiti vya gesi, asetoni, na spiriti ya aina ya propanoli. "Molekuli zake zina uzito karibu sawa," akasema. "Moja inachemka kwenye baridi ya barafu, moja kwenye joto la hamsini na sita, moja karibu kama maji. Kwa nini?"

Kichwa kikawa cheupe. Kama mwaka jana vile vile. Nikatazama meza. Nikasema, "Mwalimu, shangazi yangu aliyeyusha mkono wa gauni."

Akainua uso. "Alifanya nini?"

Nikaanza hapo. Butani haina ncha, inashikana kwa mvuto wa kupita tu, ndiyo maana ukiiachia inaruka yote. Asetoni ina ncha, hasi ya huyu inavuta chanya ya yule, inatulia kidogo, lakini haina haidrojeni iliyoshikwa na oksijeni ya kuwapa wenzake, kwa hiyo bado nyepesi kuondoka. Nikaeleza ubaridi wa ngozi, nikaeleza nyuzi za asetati zikiachiana. Propanoli inayo haidrojeni hiyo, inashikana hasa, kuitenganisha kunataka moto zaidi. Nilikuwa nasimulia kwa mikono miwili, Shangazi, nusura niangushe wino wake.

Yule mzee akafumbua jicho moja. "Gauni lilikuwa la nani?"

"La kwake mwenyewe," nikasema. "La harusi."

Mizani alifunika mdomo kwa karatasi. Mabega yalikuwa yanatikisika. Aliposhusha karatasi uso ulikuwa umerudi mkavu, akauliza swali la mwisho, na hapo mimi ndiye niliyetaka kucheka: "Kwa nini pamba inakunjamana na polista haikunjamani?"

Basi na wewe pokea jibu lako, nimelitoa kwa niaba yako. Nyuzi za pamba zina mikono mingi ya haidrojeni. Ukiikalia nguo, au ikilowa jasho, nyuzi zinaachiana na kushikana upya pale zilipokunjika, na zinabaki hivyo. Dobi anajua: ananyunyiza maji kwanza. Maji yanaingia katikati, nyuzi zinaachiana. Pasi ya moto inayafukuza, na nyuzi zinashikana tena zikiwa zimenyooka. Polista haina mikono hiyo, kwa hiyo maji hayana cha kushika, inakauka upesi na haikumbuki ulivyoikalia. Nikamwambia, "Shangazi yangu amefanya kazi hii miaka ishirini na mitatu, mwalimu. Alikuwa anaijua kwa mikono."

Akaandika kitu. Akanitazama. "Mwaka jana uliandika mambo haya haya," akasema, "lakini ulikuwa huyaamini. Umefaulu. Nenda, na usirudi tena kwenye karatasi yangu."

Nimetoka mbio, nimepotea ndani ya chuo nilichokaa miaka mitatu. Nakuja! Nafika Ijumaa jioni. Nitakaa kiti cha mbele kabisa na nitapiga vigelegele hadi fundi akose mluzi.

Mwanao aliyefaulu


2 Mei, asubuhi

Mwanangu,

Barua hii haina stempu. Naiweka juu ya kiti, hapo utakapoiona ukifumbua macho. Umelala kitandani mwangu, mdomo wazi, kiatu kimoja bado mguuni. Jana ulipofika ulicheka na kulia na kula vyote kwa wakati mmoja, nikashindwa kusema nililotaka. Ana kwa ana siwezi. Kwa kalamu naweza.

Yule mama wa kwenye kamba namjua, nilikuwa namfulia. Alisema uongo, na shuka zake zilikuwa chafu. Walikuja wanaume watatu baada ya mama yako kufariki. Mmoja alikuwa anasimulia habari za ng'ombe wake tu. Wa pili alitaka niache kazi. Wa tatu, nikikumbuka vizuri, sikumbuki kitu. Wewe hukunizuia na yeyote. Ulikuwa na miaka mitano, umeshika kikapu cha vibanio, unaniuliza kwa nini shati likipigwa jua linakuwa kama limekasirika, na mimi nikatazama watu wale, nikakutazama wewe, nikaona nani ananichangamsha zaidi. Hapakuwa na mashindano. Nilibaki kwa sababu nilikuwa na raha. Ungeniuliza ukiwa na miaka tisa ningekuambia hivyo hivyo, na ungekunywa uji wako kwa amani. Naumia kwamba hukuuliza. Usibebe tena kitu miaka kumi na mitatu bila kunipa nikusaidie.

Basi, amka. Bibi yako ameshavaa tangu alfajiri na anakagua kila mgeni kwa miwani. Baba yako amefika na ameegesha lori mbele ya geti, hakuna anayetoka wala anayeingia. Fundi yuko nje ya mlango na suti yake, anapiga mluzi, nimemwambia asubiri, bibi harusi bado anaandika.

Amka unifunge gauni. Vifungo viko kumi na tisa mgongoni, na mikono yangu inacheka, haishiki kitu.

Shangazi yako